Mikunga wa Kwemazi na Kamba ya Ndoo

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilimkimbia samaki.

Nina hakika na muda huo kwa sababu nilikuwa nimeazima saa ya mkononi ya kaka yangu, na ofisini Korogwe nilikuwa nimeambiwa kwamba kila jambo liandikwe pamoja na muda wake. Mzee Mbelwa, mtega samaki wa kijito cha Kwemazi, alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Aliinua mgono, yaani mtego wa fito uliosukwa kama chupa ndefu, akaufungua upande wa nyuma. Kikatoka kitu cheusi, kinene kama mkono wangu, kirefu kupita hatua moja, kikateleza kwenye majani kuelekea miguu yangu. Nilipanda ukingo wa kijito bila kukumbuka kwamba nilikuwa na daftari.

Bi Mwanahamisi, mke wa mzee, alikuwa amekaa kando ya tanuri lake la kukaushia samaki.

"Mbelwa!" aliita. "Serikali imekimbia!"

"Iache," mzee akajibu bila kugeuka. "Ikichoka itarudi. Daftari lake liko hapa."

Nilirudi. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na cheti cha darasa la nane, na kazi yangu ilikuwa msaidizi wa Bwana Samaki wa wilaya. Ninyi mlioniomba niandike haya mmezoea kuja kazini na vyeti vya chuo. Mimi nilikuja na penseli mbili. Mzee Mbelwa aliniita karibu, akamshika yule mnyama nyuma ya kichwa kwa jani kavu la mgomba ili asiteleze, akanionyesha matamvua na mapezi.

"Nyoka ana haya?"

"Hapana, mzee."

"Basi huyu ni nani?"

"Samaki."

"Ni mkunga. Andika."

Niliandika. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mafunzo yangu, na sikupata mengine kwa miaka sita.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne. Kwanza ubao wa kupimia, urefu wa mita moja na nusu, wenye kipande cha mti kilichopigiliwa mwanzoni ili pua ya samaki iguse hapo. Pili mizani ya kuning'iniza. Tatu daftari lenye jalada gumu. Nne penseli. Nawasihi mwandike kwa penseli mkiwa mtoni. Wino ukipata maji unakwenda na mto, na samaki uliyempima asubuhi hukumbuki uzito wake jioni, hata ujidanganye vipi.

Kila Jumatatu na Alhamisi nilitoka Manundu, mjini Korogwe, kwa baiskeli kwenda Kwemazi kupima samaki wa Mzee Mbelwa. Kuyu walikuwapo, kambare walikuwapo, lakini mkunga ndiye aliyekuwa riziki ya nyumba ile. Bi Mwanahamisi alimkata vipande, akamkausha kwa moshi, akampeleka kuuza Manundu akiwa amefungwa kwenye majani. Wapo waliokataa kumla kwa sababu ya umbo lake, ingawa maalimu wa kijiji alikwisha kuwathibitishia kwamba ni samaki halali. Bi Mwanahamisi hakuwabembeleza. "Asiyetaka asile," alisema. "Mafuta yake yananukia mpaka kwao, watakuja tu." Na walikuja.

Jambo moja lilinisumbua tangu mwaka wa kwanza. Nilipasua mikunga wengi, wakubwa kwa wadogo, majira yote, wala sikuona yai hata moja. Kuyu akikaribia masika tumbo lake linajaa mayai. Kambare vilevile. Mkunga hana kitu. Nilimuuliza Mzee Mbelwa.

"Hazai hapa," alisema.

"Anazaa wapi?"

"Huko anakokwenda."

"Anakwenda wapi?"

"Chini." Alinyoosha mkono kule kijito kinakoingia mto Pangani. "Wadogo wanatoka chini, urefu wa kidole. Wanakaa hapa miaka mingi, wananenepa. Halafu mafuriko ya kwanza ya masika, wale wakubwa wanabadilika. Tumbo linakuwa jeupe linang'aa, macho yanakuwa makubwa, hawali tena. Wanateremka. Hakuna aliyerudi."

Nilikuwa nimeona kwamba katika siku tatu za mafuriko ya kwanza mzee aliondoa migono yote mtoni. Nilidhani nimegundua mwiko wa kale, nikanoa penseli. Nilimuuliza kwa heshima kama desturi hiyo aliirithi kwa wazee wake na maana yake ni nini.

"Mafuriko yanavunja fito," alisema.

Hata hivyo, desturi hiyo ya kuokoa fito ndiyo iliyowapa mikunga wakubwa nafasi ya kupita kwenda wanakokwenda. Niliandika mambo yote mawili.

Baada ya Azimio, kijiji cha ujamaa kilianzishwa Kwemazi. Familia nyingi zilihamia kutoka upande wa Handeni, watu wa mahindi na mbuzi, wachapakazi, waliojua kisima na bwawa la mvua lakini hawakujua mto. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Salehe, mwanamume wa umri wangu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo bila kipaza sauti. Katika mwaka wa kwanza kijiji kilijenga banio, ukuta wa mawe na saruji uliokatiza kijito, chini ya eneo la Mzee Mbelwa, ili maji yaingie kwenye mfereji wa mpunga. Ukuta ulikuwa na kimo cha mtu mzima. Nyuma yake maji yalijaa na kutulia, na hapo ndipo kijiji kizima kilipochota maji ya kunywa.

Ulikuwa ukuta mzuri. Ulijengwa kwa mikono na kwa nyimbo, na mpunga wa kwanza ulipovunwa nilikula wali wake kwa Ndugu Salehe mwenyewe. Nasema haya mapema ili msinielewe vibaya. Kosa ninalolieleza halikuwa la ukuta.

Masika ya pili baada ya ujenzi niliitwa kwa haraka. Mzee Mbelwa na Bi Mwanahamisi hawakuwapo. Walikuwa Mkumbara kwa binti yao, ambako walikaa mwezi mzima wakimuuguza mkwe wao. Asubuhi na mapema Ndugu Salehe alinipeleka kwenye banio pamoja na kamati ya afya ya kijiji. Upande wa chini wa ukuta, pale palipoota ukoka wa majini, ule utando wa kijani unaoteleza, na maji yakichuruzika taratibu, palikuwa na vitu vingi vyembamba vya rangi ya udongo, urefu wa kidole cha kati, vimejibandika ukutani. Vilijinyonganyonga, vikapanda kidogo, vikapumzika, vikapanda tena.

"Minyoo," alisema Ndugu Salehe. "Inaingia kwenye maji ya kunywa. Watoto wanaumwa matumbo. Sema wewe, Bwana Samaki, ndiye mtu wa maji."

Nilitazama kwa dakika tano hivi. Sikushika hata mmoja mkononi. Nilikuwa mtu wa kupima kila kitu, lakini asubuhi ile sikupima, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekwisha kutaja jina, na jina likishatajwa mbele ya kamati huwa jepesi kulichukua. Nilitoa karatasi, nikaandika maagizo matatu: ukoka wote ukwanguliwe, ukuta upigwe lipu laini kwa saruji iliyobaki, kisha upakwe chokaa kuanzia juu hadi kwenye maji. Nikatia sahihi. Chokaa niliinunua mwenyewe kwa fungu la ofisi katika duka la Bwana Kanji, Korogwe ya Zamani, mifuko miwili kwa shilingi nane kila mmoja. Stakabadhi niliiweka kwenye faili.

Kazi ilifanyika siku mbili. Minyoo haikuonekana tena. Nilipongezwa.

Mzee Mbelwa aliporudi kutoka Mkumbara alikuta ukuta mweupe kama msikiti, na kijiji kinajivunia. Hakuna aliyemweleza habari za minyoo, kwani jambo lilikuwa limekwisha. Mimi pia sikumweleza. Niliona si jambo la samaki.

Miaka mitatu ikapita. Katika miaka hiyo taarifa zangu zilisomwa kwa furaha ofisini, maana wastani wa urefu wa mikunga wa Kwemazi ulipanda kila mwaka. Nilichora mstari kwenye karatasi ya miraba, mstari ukapanda vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Siku moja nilimwonyesha Mzee Mbelwa karatasi hiyo, nikitarajia naye afurahi.

Aliishika kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia.

"Inasema nini?"

"Inasema mikunga wako wanakuwa wakubwa, mzee. Hali ni nzuri."

"Wakubwa ndio. Wadogo wako wapi?"

Nilifungua daftari. Nilipekua kurasa mwaka kwa mwaka. Mikunga wafupi kuliko mkono wa mtu walikuwa wamepungua, kisha wamekwisha. Ndiyo maana wastani ulipanda.

"Kijiji kikiwa na wazee watupu," alisema, "utaandika kwamba kina afya?"

Nawaambia ninyi mnaofanya hesabu za wastani kwa mashine: kabla ya kufurahia mstari unaopanda, tafuteni ni nani ametoka kwenye hesabu.

Basi mambo yakaanza kubana. Wakubwa waliteremka kila masika kama desturi yao, na wa kuchukua nafasi zao hawakuja. Migono ilianza kutoka mitupu. Ndugu Salehe, ambaye kazi yake ilikuwa kuona kila jembe na kila mkono unafanya kazi, alikuja mtoni akiwa na balozi wa nyumba kumi. Alimwamkia mzee vizuri, shikamoo na habari za nyumbani, kisha akasema alilolijia.

"Mzee Mbelwa, eneo lako hili lina maji na lina udongo. Kijiji kinataka kitalu cha pili cha mpunga. Mitego haileti kitu. Nakupa hadi mwisho wa masika yajayo. Samaki wasiporudi, tutang'oa vigingi vya mitego yako, na wewe utaingia kwenye kikosi cha mpunga kama wenzako."

"Nina miaka sitini na tano, mwenyekiti."

"Kuna kazi ya kufukuza ndege."

Bi Mwanahamisi alikuwa anasugua waya za tanuri. "Mume wangu akafukuze ndege?" alisema. "Hao kuku wangu tu hawamsikii."

Watu walicheka, hata Ndugu Salehe. Mzee hakucheka. Jioni ile alisuka mgono mpya, nami nilijua kwamba haukuhitajika.

Sasa nieleze habari ya kitabu. Bwana Kanji alikuwa akinunua makaratasi ya zamani kwa kilo ili kufungia sukari na karanga. Nilikuwa na mazoea ya kupekua rundo lake kabla hajalichana, na mara nyingine aliniuzia kitu kwa bei ya karatasi. Mwezi uleule niliona kitabu cha Kiingereza kuhusu samaki wanaohama, hakina jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeondoka na sukari ya watu.

"Hicho nusu tu," alisema Bwana Kanji. "Nusu nyingine imeliwa na Manundu."

"Nusu inanitosha."

"Basi lipa nusu."

Nilikisoma kwa miezi minne, na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni. Sehemu kubwa ilikuwa juu ya samoni, samaki wa nchi za baridi. Huyo huzaliwa mtoni, katika maji machache yenye changarawe. Akiwa mdogo huteremka na mto hadi baharini, hukaa huko miaka kadhaa akila na kunenepa, kisha hurudi. Hurudi kwenye mto uleule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake, akipanda na kuruka maporomoko, bila kula, mpaka pale pale alipoanguliwa. Hutaga, na wengi wao hufa hapohapo. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Nilimwonea samoni huruma, na nilimheshimu.

Halafu mwandishi akasema kwamba yuko samaki mwingine aliyeigeuza safari hiyo. Huyo huzaliwa baharini, katika vilindi, mbali kuliko anakofika mvuvi. Watoto wake huchukuliwa na mkondo wakiwa wembamba na wangavu kama kioo, wakifika kwenye mlango wa mto wanageuka rangi, wanapanda. Hukaa mtoni miaka mingi. Wakikomaa, tumbo hung'aa, macho hupanuka, huacha kula, huteremka na mafuriko kurudi baharini kuzaa na kufa. Mzee Mbelwa alikuwa amenieleza yote hayo katika mwaka wangu wa kwanza, isipokuwa bahari.

Ukurasa uliofuata ulisema kwamba wadogo hao, wakikutana na maporomoko au ukuta, hawaruki kama samoni. Hutoka kwenye maji, hujibandika kwenye mwamba uliolowa wenye ukoka, hupanda wakijinyonganyonga, hupumzika, na hupanda tena.

Niliweka kitabu chini. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo jioni, niliandika. Wale samaki walikuwa wametoka baharini, wameupanda mto Pangani na maporomoko yake mpaka Korogwe, wameingia kijito cha Kwemazi, na walibakiza kimo cha mtu mmoja. Mimi ndiye niliyekipaka chokaa.

Kesho yake nilikwenda Kwemazi ingawa haikuwa Jumatatu wala Alhamisi. Nilimkuta Mzee Mbelwa akichonga fito, nikamweleza yote bila kupunguza: minyoo, kamati, karatasi, sahihi. Aliendelea kuchonga mpaka fito ikaisha.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi, mzee."

"Na ukatia sahihi?"

"Nikatia."

"Basi andika tena."

Wala hakunitaja kwa mtu yeyote kuwa ndiye niliyemharibia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hivyo nilipata taabu kidogo kujua mikono yangu niiweke wapi. Bi Mwanahamisi alinipa kikombe cha chai. Ilikuwa haina sukari, nadhani kwa makusudi.

Niliandika tena. Ofisi ilimleta mtaalamu aliyekuwa akipita mkoani, kutoka nchi ya samoni. Alikuwa mtu mwema na makini, alivua viatu na kuingia majini, na alikula mkunga wa Bi Mwanahamisi mara mbili. Alichora ngazi ya zege ya kupitia samaki: vidimbwi kumi na viwili kando ya banio, kimoja juu ya kingine, samaki aruke kutoka hiki kwenda kile. Kwao zinafanya kazi. Makadirio yakafika shilingi elfu kumi na nane na mia nne. Kijiji hakikuwa nazo, wilaya haikuwa nazo, na faili lilianza safari yake ya kwenda Tanga, safari ambayo mafaili hayana haraka nayo.

Nilimuuliza mtaalamu kama mkunga mdogo anaweza kuruka. Alifikiri, akasema kwa unyofu kwamba hajui, yeye ni mtu wa samoni.

Masika yakaingia. Ndiyo yalikuwa masika ya mwisho ya Mzee Mbelwa, kwa kauli ya mwenyekiti.

Bi Mwanahamisi alikuwa na ndoo ya bati yenye kamba ya katani, ya kuchotea maji juu ya ukuta. Kamba ilikuwa kuukuu, imechakaa mpaka nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka. Jioni moja mvua ilimkuta pale, akakimbia na ndoo mbili alizokwisha jaza, akaiacha ile kamba, aliyoifungua kwenye ndoo, imening'inia ukutani, ncha moja ndani ya maji ya juu, ncha nyingine ndani ya maji ya chini. Asubuhi nilikuwa nikifunga baiskeli yangu kwenye mti nilipomsikia.

"Bwana Samaki! Njoo! Minyoo yako imerudi!"

Nilikimbia, safari hii kuelekea kwenye samaki. Alikuwa ameishika kamba kwa vidole viwili. Katikati ya nyuzi zilizolowa, tangu chini hadi juu, walikuwamo wale wembamba wa rangi ya udongo, wamejisokota, wanapanda. Mmoja alifika juu mbele ya macho yetu, akajitupa kwenye maji ya nyuma ya banio, akapotea.

"Iache kamba, mama," nilisema. "Irudishe palepale."

"Na maji nichote kwa nini?"

"Nitakununulia mpya."

"Ya nailoni," alisema papo hapo. "Ya buluu."

Kilichobaki kilikuwa kibali. Ndugu Salehe aliita mkutano wa kijiji, na alikuwa na haki. Maji yale yalikuwa ya watu wote. Nilisimama mbele ya familia zilezile nilizoziagiza zipake chokaa, nikasema kwamba nilikosea, kwamba wale hawakuwa minyoo bali watoto wa mkunga, na kwamba naomba ruhusa ya kutandika kamba ukutani ili wapite.

"Mwaka ule ulisema minyoo," alisema Ndugu Salehe kwa sauti yake ile. "Mwaka huu unasema samaki. Mwakani utasema nini, mbuzi?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na kilinistahili. Nilikuwa nimekuja na chupa kubwa ya kioo ya peremende kutoka kwa Bwana Kanji, yenye maji masafi na wadogo ishirini waliotoka kwenye kamba. Niliiweka mezani mbele yake.

"Mwenyekiti, kaa nao ofisini kwako wiki mbili. Minyoo haina mapezi. Minyoo haina matamvua. Ukiona ni minyoo, nitaukwangua ukuta mwenyewe."

Aliinama. Watu wakamzunguka. Bibi mmoja wa upande wa Handeni, aliyekuwa na kilemba cheupe, ndiye aliyesogeza uso karibu kuliko wote. "Lina macho," alisema. "Linanitazama! Mwenyekiti, hili ni samaki, tena linafanana na wewe ukiwa na njaa."

Bi Mwanahamisi naye akasimama. "Mimi maji ya kijito hiki nimekunywa tangu nizaliwe, na hawa wamo humo tangu nizaliwe. Kama wanaua, nauliza, mimi ni mzimu?"

Ndugu Salehe hakuhitaji wiki mbili. Siku ya nne alinitumia ujumbe kwamba chupa inahitaji maji mapya na kwamba ameanza kuwapa chembe za dagaa. Alitoa ruhusa mpaka mwisho wa masika. Zaidi ya hapo, alisema, apate ushahidi.

Tulifanya kazi siku tatu. Kwenye korona, kile kiwanda cha shamba la mkonge kilichokuwa jirani, nyapara alitupa bure rundo la mabaki ya katani. Mzee Mbelwa aliyasuka, si kwa kukaza kama kamba ya kazi, bali kwa kulegeza, ili nyuzi ziachane na kushika maji. Mikono yake ilijua mgono, na kamba ile ilikuwa kama mgono uliogeuzwa: badala ya kumzuia samaki, ulimpitisha. Alisuka tatu, nene kama paja. Tulizifunga kwa waya juu ya banio na kuzipigilia pembeni, ncha zote mbili zikiwa majini. Gharama niliziandika hivi: waya shilingi kumi na mbili, misumari shilingi tano na senti hamsini, kukodi mkokoteni kutoka korona shilingi ishirini. Kamba ya nailoni ya buluu sikuiandika. Hiyo nililipa mwenyewe.

Ushahidi ulikuwa mgumu kidogo, kwa sababu mkunga mdogo hupenya kwenye mgono wa kawaida. Mzee alisuka mwingine wa fito nyembamba zilizobanana, akauweka upande wa juu wa banio, mwendo wa nusu saa kutoka ukutani. Asubuhi mbili ulitoka mtupu. Ndugu Salehe alikuwapo zote mbili, mikono nyuma. Asubuhi ya tatu mzee aliuinua, akautikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa, akaufungua kwenye karai la Bi Mwanahamisi.

Walikuwa kumi na moja. Mrefu kuliko wote hakufika kiganja.

"Watoto wamekuja," alisema Mzee Mbelwa.

Nilitoa ubao nikawapima mmoja mmoja, na mwandiko wa siku ile ni mbaya kuliko wote daftarini. Ndugu Salehe alisubiri nimalize. Kisha alimwamkia mzee upya, shikamoo, kana kwamba ndiyo kwanza anafika, akasema kitalu cha mpunga kitatafutiwa mahali pengine. Alimtuma balozi kurudisha vigingi viwili ambavyo kijana fulani mwenye bidii alikwisha kuving'oa.

Wale kumi na moja tuliwarudisha majini. Iliwachukua miaka mingi kuwa samaki wa kuuzwa, kwa maana mkunga hana haraka. Lakini kamba ilibadilishwa kila kabla ya masika, na mstari wangu wa wastani ukaanza kushuka. Huo ndio mstari ulionifurahisha kuliko yote niliyowahi kuchora. Mzee Mbelwa alitega hadi siku alipoweka mgono chini mwenyewe, kwa hiari yake, na hakuwahi kufukuza ndege. Siku ya mafuriko ya kwanza ya mwaka niliostaafu nilikwenda kusimama juu ya banio. Sikuona mkunga hata mmoja akiteremka, maji yalikuwa ya udongo. Lakini migono yote ya waliotega baada yake ilikuwa imeondolewa.

Kamba za katani hazidumu zaidi ya masika mawili. Msizikaze mnapozisuka. Ncha ya chini iwe ndani ya maji hata kiangazi, na ukoka msiukwangue.

Nilipofunga taarifa ya kazi ile, fomu ilikuwa na mstari wa kuandika kiasi kilichookolewa. Nilitoa gharama zetu, shilingi thelathini na saba na senti hamsini, kwenye makadirio ya ngazi ya zege, nikajaza shilingi elfu kumi na nane, mia tatu sitini na mbili, na senti hamsini. Ilisainiwa na kupita. Lakini ile stakabadhi ya mifuko miwili ya chokaa ilikuwa kwenye faili lilelile, karatasi tatu nyuma, na bei yake sikuitoa kwenye kiasi hicho, kwa sababu ningelazimika kueleza. Naitoa sasa, shilingi kumi na sita. Kiasi sahihi ni shilingi elfu kumi na nane, mia tatu arobaini na sita, na senti hamsini.